Kufunguliwa Kifua Mara ya Pili: Majibu kwa Barua Zenu za Valvu ya Moyo

Barua za safari hii zimetoka kwa watu waliokwisha kubadilishiwa valvu ya moyo, yaani mlango unaoruhusu damu ipite upande mmoja tu, na sasa wameambiwa warudi mezani. Zilizofanana tumeziunganisha. Tunaposema valvu ya tishu, ni ile iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au valvu ya nguruwe. Ile inayoitwa ya chuma kwa kweli vifuniko vyake ni vya kaboni ngumu, lakini jina limeshazoeleka nasi tutalitumia.

SWALI: Nina miaka 41. Niliwekewa valvu ya tishu upande wa mitrali (kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto) miaka 11 iliyopita, baada ya homa ya baridi yabisi kuharibu ya kwangu. Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwezi uliopita imeonyesha valvu imekakamaa, na daktari anataka nifanyiwe upasuaji tena. Mimi sijisikii mgonjwa, nachoka kidogo tu. Naweza kusubiri mpaka nizidiwe?

JIBU: Ndugu yetu, huko kuzidiwa ndiko tunakokuogopa kuliko upasuaji wenyewe.

Valvu ya tishu haina uhai. Imetibiwa kwa kemikali ili mwili usiikatae, na kwa kuwa haina uhai haijikarabati. Chokaa hujijenga ndani yake, vifuniko vinakakamaa, na mwisho ama havifunguki sawasawa ama vinachanika. Kwa mzee inaweza kufika miaka 15, hata 20. Kwa kijana chokaa hujijenga haraka zaidi. Tena iliyo upande wa mitrali huchoka mapema kuliko ya aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini), kwa sababu kila moyo unapojikamua yenyewe ndiyo inayozuia nguvu yote ya chumba cha kushoto. Miaka 11 kwa mtu aliyewekewa akiwa na 30 si ajabu, wala si kosa lako.

Hilo la kutojisikia mgonjwa, lijibu pamoja na mtu unayeishi naye. Mwaka jana ulipanda ngazi ngapi bila kusimama, na sasa ngapi? Unalalia mito mingapi? Unaamka usiku kutafuta hewa? Viatu vinabana jioni? Ugonjwa wa valvu huja polepole, na mtu huacha jambo hili leo na lile kesho bila kujua kwamba ameacha. Akiulizwa husema yuko sawa, kwa sababu hafanyi tena yale yaliyokuwa yakimchosha.

Kisha chukua karatasi ya eko. Tafuta wastani wa tofauti ya shinikizo kati ya upande huu na ule wa valvu. Valvu bandia ya mitrali inayofanya kazi vizuri kwa kawaida haizidi milimita 5 au 6 za zebaki. Ikipita 10, kuna kizuizi kikubwa. Lakini hakikisha kasi ya mapigo imeandikwa kando yake, maana moyo ukienda mbio namba hiyo hupanda hata kwenye valvu nzima. Angalia pia shinikizo la mishipa ya mapafu na hali ya chumba cha kulia. Huko ndiko gharama ya kusubiri inakoonekana: damu inarudi nyuma kwenye mapafu, chumba cha kulia kinatanuka, ini linavimba, figo zinaanza kulegea.

Madaktari hutumia kikokotoo kama EuroSCORE II kukadiria hatari ya upasuaji. Ndani yake yamo umri, kama ulishawahi kupasuliwa moyo, nguvu ya moyo, figo, shinikizo la mapafu, maambukizi, na kama upasuaji ni wa kupangwa au wa dharura. Kwamba ulishafunguliwa huwezi kulifuta. Mengine mengi bado yako mikononi mwako, mradi uende mapema. Mtu yuleyule, na valvu ileile, akiingia kwa miguu yake siku iliyopangwa, na akiingizwa kwa machela usiku mapafu yamejaa maji, ni wagonjwa wawili tofauti. Hatari ya huyo wa pili ni kubwa mara kadhaa. Na tishu iliyokakamaa ikichanika haitoi taarifa: mapafu hujaa ndani ya saa chache.

SWALI: Daktari mmoja aliniambia mara ya pili ni ngumu kwa kuwa moyo "umegandana na mfupa". Maana yake nini, na wanafanyaje? Naomba mnieleze bila kunificha.

JIBU: Tutakueleza yote, maana anayejua kinachofanyika huuliza maswali yenye faida.

Kwa kawaida moyo umekaa ndani ya mfuko laini wenye majimaji kidogo, ukiteleza humo. Upasuaji wa kwanza ulichana mfuko huo. Damu iliyobaki na jeraha lenyewe vikatengeneza makovu, na makovu yakaunganisha moyo na kila kilicho jirani, ukiwamo upande wa nyuma wa mfupa wa kidari. Kilicho karibu zaidi na mfupa huo ni chumba cha chini cha kulia, ambacho ukuta wake una unene wa milimita chache tu. Juu yake kidogo upo mshipa mkubwa unaokusanya damu ya mkono wa kushoto na kichwa, na aota yenyewe. Kama shinikizo la mapafu limepanda, chumba cha kulia kimetanuka na kujibana zaidi kwenye mfupa. Kwa hiyo dakika za wasiwasi katika upasuaji wa marudio ni zile za kuingia, kabla hata valvu haijaonekana.

Ndiyo maana lazima upigwe CT ya kifua, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, na inapowezekana iwe na dawa ya kuonyesha mishipa. Daktari hupima nafasi iliyopo kati ya mfupa na moyo. Ikiwa chini ya sentimita 1 hivi, au hakuna nafasi kabisa, mpango hubadilika. Picha hiyo huonyesha pia hali ya aota, mishipa ya kinena na ya kwapa, na kama uliwahi kuunganishiwa mishipa ya koronari (ile inayolisha nyama ya moyo), njia ambayo mishipa hiyo inapita. Kukata mshipa wa aina hiyo unaolisha moyo ni janga, na hauonekani kwa macho ndani ya kovu.

Katika chumba cha upasuaji, kabla hujafunikwa, unabandikwa pedi za kushtua moyo mgongoni na ubavuni. Mara ya kwanza vijiko vya kushtulia moyo viliingizwa kifuani moja kwa moja. Safari hii, moyo ukianza kutetemeka kabla kovu halijaachanishwa, vijiko havina pa kupita. Damu iliyolinganishwa na yako iwe imeshafika chumbani humo, si kwamba itaagizwa. Mishipa ya kinena huandaliwa, ama kwa kuifunua ama kwa kupitisha waya mwembamba, ili mashine ya moyo na mapafu iweze kuunganishwa ndani ya dakika chache.

Kama CT imeonyesha moyo umegandana kabisa, wengine huanza mashine kwanza kupitia kinena au kwapa. Moyo ukishamwaga damu yake kwenye mashine hunywea na kulegea kutoka kwenye mfupa. Kwa nini basi hawafanyi hivyo kwa kila mtu? Kwa sababu mashine haiendi bila hepari nyingi ya kuzuia damu kuganda, na kuachanisha makovu kwa saa nzima damu ikiwa haigandi kunamwaga damu kila mahali. Ni kupima faida na hasara, na CT ndiyo inayoamua.

Sasa mfupa. Zile waya za upasuaji wa kwanza zinakatwa kwa mbele na kunyooshwa, lakini hazitolewi. Zinaachwa zimepita chini ya mfupa kama kinga: msumeno ukitoboa upande wa nyuma unagonga waya kabla ya kugusa moyo. Msumeno nao si ule wa mara ya kwanza. Huu una jino linalocheza kushoto na kulia kwa hatua ndogo, na mpasuaji anahisi kwa mkono pale mfupa unapoachia. Anakata tabaka la mbele lote, kisha la nyuma kipande kwa kipande huku msaidizi akiinua kingo kwa ndoano. Ndipo makovu yanakatwa kwa mkasi, chini ya ukingo mmoja kisha wa pili. Kile chuma cha kutanulia kifua kinawekwa mwishoni na kufunguliwa kidogo kidogo. Hapa ndipo haraka inapoua: ukitanua mfupa wakati chumba cha kulia bado kimeshikamana nao pande zote mbili, unakichana kama kitambaa. Likitokea hilo, timu yenye uzoefu haitanui zaidi ili ione. Inarudisha mifupa pamoja, inabana kwa mikono, inaunganisha mashine kupitia kinena, halafu ndiyo inarekebisha. Ndiyo sababu kinena kiliandaliwa mapema.

Baada ya hapo hawaachanishi moyo wote. Wanafungua panapohitajika tu, yaani aota ya kubana na chumba cha juu cha kulia cha kuunganishia mirija. Kila kovu linaloachwa lilivyo ni damu iliyookolewa.

Kuitoa valvu ya zamani kuna kazi yake. Inakatwa kwa kufuata pete yake ya kushonea, si nyama ya moyo. Nyuzi za zamani na vile vipedi vyake vidogo vya kitambaa huondolewa kimoja kimoja na kuhesabiwa, kwa sababu kipande kilichosahaulika kinaweza kwenda ubongoni. Kwenye pete ya mitrali kuna mshipa wa koronari unaopita ubavuni mwake. Kwenye aota kuna nyaya za umeme wa moyo zinazopita chini tu ya valvu. Zikiumia, mapigo yanakatika kati ya vyumba vya juu na vya chini, na mgonjwa anahitaji betri ya moyo. Uwezekano huo ni mkubwa kidogo safari ya pili kuliko ya kwanza. Uliza mapema ili usishtuke.

Kwa jumla hesabu saa 5 hadi 8, na waambie walio nyumbani hivyo. Ukimya wa saa ya sita si dalili ya msiba.

Kuna njia nyingine ya kuuliza kama tatizo ni la mitrali peke yake: kuingilia ubavuni kulia, kati ya mbavu, bila kuugusa mfupa wa kidari. Inawafaa baadhi, hasa kama valvu ya aota haivuji sana na mishipa ya kinena ni mizuri.

SWALI: Nimesikia siku hizi valvu inapitishwa mguuni bila kufungua kifua. Mbona mimi nimeambiwa haiwezekani?

JIBU: Inategemea una nini kifuani sasa. Njia hiyo ilianza kwa binadamu mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, mikononi mwa Alain Cribier, kwa wagonjwa wa aota ambao hawakuwa na njia nyingine. Baadaye ikaonekana kwamba valvu mpya inaweza kutanuliwa ndani ya valvu ya tishu iliyochoka. Kwa wengi wenye umri mkubwa au hatari kubwa, hilo limeondoa kabisa haja ya msumeno.

Valvu ya chuma haikubali. Vifuniko vyake ni vigumu, haviwezi kusukumwa pembeni vikakaa. Ya tishu inakubali, lakini fikiria shati juu ya shati: valvu mpya hukaa ndani ya fremu ya zamani, na nafasi hupungua. Kama ya zamani ilikuwa milimita 19 au 21, unaweza kutoka na valvu mpya inayobana karibu kama ile mbovu. Kwenye aota kuna hatari ya pili. Vifuniko vya zamani vinasukumwa juu na kusimama kama ukuta, na ukuta huo ukiwa karibu mno na mdomo wa mshipa wa koronari, moyo unakosa damu papo hapo. Umbali huo hupimwa kwenye CT kabla. Ukiwa chini ya milimita 4, timu nyingi huona ni hatari kubwa. Kwenye mitrali, shaka ni valvu mpya kuziba njia ya damu inayotoka kwenda kwenye aota.

Kama kuna maambukizi kwenye valvu, mguuni hakufai: uchafu lazima ukatwe na kutolewa. Na kama damu inavuja nje ya pete, kati ya valvu na nyama ya moyo, valvu nyingine ndani haitaziba tundu hilo. Lina vizibo vyake maalumu vya kupitishwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba wa mshipani, na lisipokubali, nyuzi.

Muulize daktari wako ni sababu ipi kati ya hizi inayokuhusu. "Haiwezekani" peke yake si jibu kamili.

SWALI: Mume wangu ana valvu ya chuma ya mitrali. Tulizoea kusikia mlio wake usiku, tik, tik. Aling'olewa jino, akaacha warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, wiki mbili. Sasa mlio umefifia na anahema akilala. Nimwongezee dozi?

JIBU: Mama, hii tuliijibu kwa haraka kabla ya gazeti kutoka, na tunairudia kwa ajili ya wengine. Mpeleke hospitali leo hii, yenye eko na madaktari wa moyo. Usimwongezee dozi nyumbani. Warfarini huchukua siku kadhaa kufanya kazi, na bonge likishaganda, dawa hiyo hailiyeyushi.

Mlio unaofifia pamoja na kuhema ni valvu iliyoganda mpaka ithibitike vinginevyo. Hospitali watapima INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, watafanya eko, na picha ya eksirei inayotembea itaonyesha kama vifuniko viwili vinafunguka au kimoja kimekwama. Bonge jipya linaweza kutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha inayodondoshwa polepole mshipani. Utaratibu mmoja unaotumika ni alteplasi miligramu 25 kwa saa 6, ikirudiwa kwa kufuatwa na eko. Njia nyingine ni upasuaji wa dharura. Uamuzi unategemea ukubwa wa bonge, hali ya mgonjwa, na uzoefu wa timu. Kuyeyusha kuna hatari ya kiharusi na kutoka damu. Upasuaji wa dharura una hatari zake tulizozitaja.

Kizuizi kingine kinachofanana na hicho ni kovu linaloota taratibu kutoka pembeni na kuingia kwenye mdomo wa valvu. Hili huja kwa miezi au miaka, hata kwa mtu ambaye INR yake haijawahi kuyumba. Haliyeyuki kwa dawa. Hukatwa.

Na jino: kwa kung'oa jino moja hadi matatu mara nyingi hakuna haja ya kuacha warfarini. INR ipimwe ndani ya saa 24 kabla. Ikiwa kwenye kiwango, daktari wa meno anang'oa, anashona, na kukandamiza kwa pamba iliyolowa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusimamisha damu. Dozi moja ya amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, ni ya lazima kwa mwenye valvu bandia. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema apewe nyingine.

Kwa upasuaji wa moyo wenyewe ni tofauti: warfarini husimamishwa siku 5 kabla. Mwenye valvu ya chuma hufunikwa na hepari katika siku hizo, ya mwisho ya kujidunga ikiwa saa 24 kabla, au ile ya dripu ikizimwa saa 4 hadi 6 kabla. Upewe ratiba hiyo imeandikwa, tarehe kwa tarehe. Makosa hutokea pale inaposemwa kwa mdomo tu.

SWALI: Nina miaka 29 na mtoto mmoja. Valvu yangu ya tishu imechoka. Natamani mtoto wa pili. Nichague ipi safari hii?

JIBU: Dada, kwa umri wako vitabu vinaelekeza valvu ya chuma, kwa sababu ya tishu karibu hakika itakurudisha mezani mara ya tatu. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema matakwa ya mama kuhusu uzazi yana uzito, nasi tunaamini hivyo.

Ukiweka chuma, warfarini ni ya maisha. Dawa hiyo hupita kwenye kondo. Hatari ya kumharibu mtoto ni kubwa zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12, na huongezeka dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Ukihamia hepari, mtoto yuko salama zaidi lakini valvu yako inaweza kuganda, hasa kama dozi haipimwi kwa kipimo cha damu mara kwa mara. Hakuna njia isiyo na hatari kwa mmoja wenu. Zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR si mbadala. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma, na jaribio likasimamishwa kwa sababu ya mabonge na kutoka damu. Apiksabani nayo ilijaribiwa, na jaribio likasimamishwa mwaka 2022 kwa sababu ya mabonge.

Ukiweka tishu, mimba ni salama zaidi kwa wote wawili, na unakubali mapema kwamba utarudi. Kama huo ndio uamuzi wako, mwambie mpasuaji maneno haya: "Naomba valvu yenye ukubwa na fremu itakayokubali nyingine kuingizwa kwa katheta baadaye." Kama tundu ni dogo upande wa aota, anaweza kulipanua kwa kiraka wakati yuko humo humo. Hilo linaamuliwa sasa, si miaka 10 ijayo.

Tafadhali usibebe mimba kabla ya upasuaji. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Mashine ya moyo na mapafu nayo ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Tumia uzazi wa mpango usio na estrojeni, kama kipandikizi au kitanzi, mpaka daktari wa moyo na wa uzazi waseme haya, endelea.

SWALI: Nimepangiwa upasuaji wiki 6 zijazo. Nifanye nini nyumbani?

JIBU: Anza na meno, wiki hii. Jino bovu ni mlango wa vijidudu kwenda kwenye valvu mpya, na kuling'oa siku mbili kabla hakusaidii kitu. Linahitaji muda wa kupona. Pili, pima wingi wa damu na madini ya chuma. Upasuaji wa marudio hula damu, na anayeingia akiwa na upungufu ndiye anayeongezewa chupa nyingi. Wiki 6 zinatosha kurekebisha, kwa vidonge au dripu ya madini ya chuma. Sigara iachwe leo. Chini ya wiki 4 mapafu hayajasafika. Mwenye kisukari ashushe sukari, maana mfupa uliofunguliwa mara mbili huunga polepole na sukari huuharibu zaidi. Jizoeze kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia sekunde 3 na kukohoa ukiwa umekumbatia mto, mara 10 kila saa ya mchana. Utafurahi kuwa umejifunza kabla ya maumivu. Uliza kama wanapima vijidudu vya puani. Marhamu ya mupirosini mara 2 kwa siku kwa siku 5 hupunguza usaha wa kidonda kwa wanaovibeba.

Kubwa kuliko yote: tafuta ripoti ya upasuaji wa kwanza. Si karatasi ya kuruhusiwa tu, bali maelezo ya mpasuaji. Humo mna aina ya valvu, ukubwa kwa milimita, namba yake, mirija iliwekwa wapi, kama utando wa moyo ulifungwa, na matatizo yaliyojitokeza. Mpasuaji wa pili anaisoma kama ramani. Kama imepotea, hospitali ile iandikiwe mapema. Faili za zamani huchukua wiki kupatikana.

SWALI: Nina homa ya siku 4, valvu yangu ina miaka 3. Duka la dawa limenipa vidonge vya antibayotiki. Nimeze?

JIBU: Homa kwa mwenye valvu bandia inaweza kuwa maambukizi ya valvu yenyewe. Usimeze hata kimoja kabla damu haijachukuliwa ili ioteshwe maabara. Zinahitajika seti 3, kila moja kwa mchomo wake, sehemu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ipite angalau saa 1. Vidonge vya siku mbili vinatosha kuwazima vijidudu wasiote, bila kuwaua. Matokeo yake ni wiki 6 za sindano za kukisia, kwa kuwa hakuna anayejua anapambana na kijidudu gani. Omba na eko ya kupitia kooni, kwa sababu ya kifuani hukosa mengi kwenye valvu bandia. Nenda leo.

SWALI: Ni wiki ya tano tangu upasuaji wa pili. Nikijigeuza kitandani nasikia mfupa wa kifua ukilia "kak". Ni kawaida?

JIBU: Mfupa huchukua wiki 6 hadi 8 kushika na hadi 12 kukomaa, na uliofunguliwa mara mbili hauna haraka. Weka kiganja katikati ya kifua, kohoa taratibu. Kama unahisi pande mbili zikisogea kila moja kivyake, au mlio ni mpya na umezidi wiki hii, rudi kwa mpasuaji ndani ya siku moja au mbili, hata kama hakuna maumivu. Waya imekatika au imekata mfupa, na kukaza mapema ni kazi ndogo kuliko kusubiri. Kukiwa na majimaji, wekundu, au joto linalozidi nyuzi 38, usisubiri hata kesho.

Mpaka uonwe: usinyanyue kitu kinachozidi kilo 2 au 3, usijivute kitandani kwa mikono. Jiviringishe ubavu, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko huku mkono mwingine umekumbatia mto kifuani. Na kama moyo unadunda ovyo, mwambie daktari safari hiyo hiyo. Mapigo yasiyo na mpangilio huwapata karibu mtu 1 kati ya 3 baada ya upasuaji wa moyo. Mengi hutokea siku ya pili hadi ya nne, lakini yanayorudi ukiwa nyumbani yanahitaji dawa na INR kuangaliwa upya.